Usiweke Bei Chini ya Kamera

Ukitaka kutengeneza apu itakayotumiwa na watu wa Frere Town, Mombasa, anza kwa kutazama simu zilizo mikononi mwao, si ile iliyo mezani kwako. Simama Kengeleni jioni, karibu na mnara wa kengele, wakati matatu za kutoka mjini zinashusha abiria na kila mtu anatoa simu yake. Utaona vioo vya kila namna. Kuna itel na Tecno za bei nafuu ambazo kamera ya mbele imechomoza kutoka ukingo wa juu kwa umbo la tone. Kuna Infinix na Samsung zenye tundu la duara, mara katikati, mara pembeni. Kuna iPhone zenye pengo pana. Na mara moja moja utakutana na simu ya kukunja iliyotumika, mtu kaileta kutoka Dubai, ambayo kamera yake ya ndani huioni kabisa kwa sababu imefichwa chini ya kioo chenyewe.

Apu yako itafunguliwa kwenye simu zote hizo. Neno, bei au kitufe kikiangukia pale kamera ilipo, mtumiaji hatakutafuta kukueleza. Ataifuta na kurudi kuandika hesabu zake kwenye daftari.

Jambo hili nalitilia mkazo kwa sababu naona bidii ya vijana wetu. Wapo wanaotengeneza apu za kuagiza samaki, za michango ya chama, za hesabu ya tuktuk, za saa za sala. Kazi ngumu yote wameifanya: hifadhidata inafanya kazi, malipo yanapita, lugha ni safi. Halafu mama wa Kongowea anashindwa kurudi nyuma kwenye ukurasa kwa sababu mshale umemezwa na kamera. Haki yake ni kioo kinachosomeka, hata kama simu yake ni ya bei ya chini kabisa dukani.

Historia ya kioo kinachokatwa na kamera ni fupi. Mwaka 2017 iPhone X ilikuja na pengo juu ya kioo, na haikuchukua muda kampuni nyingi zikafuata. Kuelekea mwisho wa 2018 Huawei na Samsung zikaonyesha simu za tundu lililozungukwa na kioo pande zote, na Galaxy S10 ya 2019 ikalifanya kuwa jambo la kawaida. Android 9, iliyotoka 2018, ilimpa mwandishi wa apu njia rasmi ya kuiuliza simu: kamera yako iko wapi, na inakula kiasi gani cha kioo? Njia hiyo inaitwa DisplayCutout. Kama utachukua ushauri mmoja tu kwangu, chukua huu: iulize simu. Usipime kwa macho. Usiandike kwenye msimbo wako kwamba ukanda wa juu una kimo cha dp 24 (dp ni kipimo cha Android cha ukubwa kwenye kioo) kwa sababu ndivyo ulivyosoma zamani. Simu yenye tundu kwa kawaida huwa na ukanda mrefu zaidi ya huo, na kila kampuni ina kipimo chake.

Wengi wanaoandika kwa Android wanaijua nusu ya somo hili. Wanaomba vipimo vya ukanda wa saa na betri, vile vinavyoitwa systemBars, wanaacha nafasi juu, wanaona mambo yako sawa, wanafunga kazi. Simu ikiwa wima kweli mambo yako sawa, kwa sababu ukanda ule hauwi mfupi kuliko kamera. Tatizo linazuka simu ikilazwa.

Mtazame dereva wa tuktuk anayetumia ramani. Simu ameifunga kwenye kishikio karibu na usukani, imelala, ili aone barabara ndefu mbele yake. Sehemu iliyokuwa juu sasa iko kushoto. Kama tundu lilikuwa pembe ya juu kulia, kama kwenye S10, ukiilaza hivyo tundu linahamia pembe ya juu kushoto, na hapo ndipo wengi wetu tunapoweka mshale wa kurudi. Dereva anagusa mara ya kwanza, anagusa mara ya pili, kidole kinaishia kwenye kamera, na lenzi inabaki na alama ya jasho. Ukanda wa saa bado uko juu, au umefichwa kabisa, kwa hiyo vipimo ulivyoomba havikukuambia lolote kuhusu upande wa kushoto. Dawa yake ni kuomba vipimo viwili pamoja, systemBars na displayCutout, na kutumia pande zote nne za jibu, si juu peke yake. Anayeandika kwa Jetpack Compose amerahisishiwa: safeDrawingPadding inajumlisha yote hayo. Kwa Flutter kuna SafeArea. Kwa iPhone, tangu iOS 11 ya mwaka 2017, kuna mipaka ya eneo salama inayofanya kazi hiyo hiyo.

Zamani Android ilikukinga bila wewe kujua. Apu isiyosema lolote kuhusu kamera, simu ikilazwa, iliwekewa ukanda mweusi upande wa tundu na maudhui yakasukumwa ndani. Haikupendeza, ila ilisomeka. Kinga hiyo imeondoka. Kwenye Android 15, apu inayolenga toleo la 35 la API inatandazwa kutoka ukingo hadi ukingo, chini ya saa, chini ya kamera, chini ya vitufe vya mfumo, utake usitake. Na tangu tarehe 31 Agosti 2025 Google Play haipokei apu mpya wala masasisho ya kawaida yasiyolenga toleo hilo au la juu zaidi. Kwa hiyo apu iliyokaa miaka mitatu bila lawama inaweza kuharibika siku unapobadilisha namba moja tu kwenye faili la ujenzi. Kulikuwa na njia ya kuomba kusamehewa, lakini Android 16 imeifunga kwa apu zinazolenga toleo la 36. Usijenge juu ya msamaha unaokwisha. Tenga siku moja, pitia kurasa zako zote, uzirekebishe kwa njia iliyo sahihi.

Na njia sahihi si kuifungia apu nzima ndani ya eneo salama. Ukifanya hivyo utaacha ukanda mtupu juu, mara nyingi mweupe au mweusi, usiolingana na chochote. Tenganisha rangi na maneno. Rangi ya mandharinyuma iache ienee hadi ukingoni, ipite chini ya kamera bila wasiwasi, kwa maana rangi tupu haipotezi maana ikitobolewa. Maneno, picha za watu, vitufe na namba ndivyo viingie ndani. Kwa orodha ndefu, kama ya bidhaa au ya wanachama, nafasi ile iweke ndani ya orodha, mwanzoni na mwishoni, ili mtu akisogeza, safu zipite chini ya kamera na kutokea upande wa pili, huku ya kwanza na ya mwisho zikiweza kukaa mahali zinaposomeka. Angalia pia usiongeze nafasi mara mbili, ukurasa ukiacha yake na kichwa cha ukurasa kikaacha yake. Simu ndogo haina kioo cha kupoteza.

Wanaotumia tovuti badala ya apu, na ni wengi kwa sababu tovuti haimli mteja bando la kupakua, nao wana njia yao. Ukiandika viewport-fit=cover kwenye kichwa cha ukurasa, umeomba kioo kizima; basi lazima pia utumie env(safe-area-inset-left) na wenzake watatu kurudisha maandishi ndani. Nimeona kurasa zilizochukua la kwanza na kusahau la pili. Ziandike pamoja kila mara, na uzipe kiwango cha chini, kwa mfano max(16px, env(safe-area-inset-left)), ili simu isiyo na tundu nayo ipate pumziko pembeni.

Sasa nini kikae juu na nini kisikae? Hapa ndipo ninapotofautiana na wachoraji wengi wa kurasa, wanaopenda kuweka kiasi cha fedha juu kabisa kwa herufi kubwa. Dirisha la kuweka PIN ya M-Pesa linaletwa na laini yenyewe, hulipangi wewe. Kinachokuhusu ni ukurasa unaofuata, ule ambao mnunuzi anamgeuzia muuzaji wa viazi pale sokoni Kongowea amwonyeshe kwamba amelipa. Muuzaji yuko juani, mkono mmoja umeshika gunia, anatupa jicho kwa nukta moja. Kiasi kikae katikati ya kioo. Jina la aliyelipwa likae chini yake, na saa chini ya hilo. Juu kabisa weka jina la ukurasa tu, jambo ambalo likikatwa herufi mbili hakuna atakayepoteza shilingi. Vitufe vya kuamua, kama kulipa na kughairi, vikae chini karibu na kidole gumba, juu ya mstari wa mfumo, na visiwe vidogo kuliko dp 48. Alama ya kufunga tangazo isiwe pembeni juu, ambapo itagongana na tundu la pembe.

Kumbuka pia kwamba sentensi zetu ni ndefu. Ukinakili mpangilio uliotengenezewa vitufe vya neno moja fupi, kisha ukaweka “Thibitisha malipo yako”, upande mmoja ukaliwa na kamera na mtumiaji ni mzee aliyeongeza ukubwa wa herufi, maneno yatakatika. Acha mistari miwili. Usilazimishe kimo cha kitufe.

Nije kwenye kamera iliyofichwa kabisa, kwa sababu hii ina tabia yake.

ZTE Axon 20 ya mwaka 2020 ndiyo simu ya kwanza kuuzwa sokoni ikiwa na kamera chini ya kioo. Mwaka 2021 zikafuata Xiaomi Mix 4 na Samsung Galaxy Z Fold3, ambayo kamera yake ya ndani iko juu, upande wa kulia wa kioo kikifunguliwa. Ufundi huu unahitaji kioo cha OLED, ambacho kila pikseli inajiwashia taa yake. Kioo cha LCD kina taa nyuma yake, kwa hiyo kamera ikikaa nyuma haina pa kuchungulia isipokuwa kwa tundu. Simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa kwetu ni za LCD. Ndiyo maana usitarajie kuona kamera iliyofichwa kwenye simu ya dukani ya kawaida hapa karibuni. Utaiona kwenye zile za kifahari zilizokwisha kutumika na mwenyewe wa kwanza.

Juu ya kamera ya namna hiyo pikseli hupunguzwa ili mwanga upite. Axon 20 ilikuwa na pikseli 200 hivi kwa inchi pale juu ya kamera. Axon 30 ya mwaka uliofuata ikapandisha hadi 400. Pikseli zikipungua, eneo hilo ukilitazama kwa makini, hasa penye rangi nyeupe, linaonekana kama unatazama nje kupitia wavu wa mbu wa dirishani. Picha inaonekana, lakini vitu vidogo vinachakaa. Herufi nyembamba zinavunjika. Msimbo wa QR unaweza kushindwa kusomwa na simu nyingine.

Kwa mtengenezaji wa apu ugumu ni huu: kwa kuwa kioo bado kinaonyesha picha mahali hapo, simu inaweza kukujibu kwamba hakuna kilichokatwa. Unauliza, unapewa sifuri. Kwa hiyo hapa kuuliza peke yake hakutoshi, inabidi uchoraji wenyewe uwe na adabu. Ukanda wa juu wa kila ukurasa uache rangi moja, ya wastani au ya giza kiasi, bila mistari myembamba, bila maandishi madogo, bila QR. Usiorodheshe majina ya simu kwenye msimbo wako ukidhani umemaliza, kwa sababu kampuni zenyewe hazijatulia. Samsung iliendelea na kamera iliyofichwa kwenye Fold4, Fold5 na Fold6, zote za megapikseli 4, halafu mwaka 2025 kwenye Fold7 ikarudi kwenye tundu la kawaida ili ipate kamera ya megapikseli 10. Orodha yako ya mwaka uliotangulia ingekuwa tayari imekosea.

Mahali ambapo kamera iliyofichwa inaumiza watu zaidi ni kwenye picha ya utambulisho, ile selfi ambayo apu za benki na za mikopo hudai kabla ya kukufungulia akaunti. Mtu ameshika simu, anaambiwa atazame kamera. Lakini yeye haioni kamera. Macho yake yanakwenda kwenye picha yake mwenyewe katikati ya kioo, apu inasema hatazami mbele, anarudia, inasema tena. Hajui amekosea nini, na wala hajakosea.

Ukitengeneza ukurasa huo, picha ya uso iweke juu kabisa ya kioo, karibu na kamera iwezekanavyo, si katikati. Pale simu inapokupa mahali pa tundu, na DisplayCutout inakupa mipaka yake kwa pikseli, chora mshale au duara linalopepesa karibu nalo, na uandike “Tazama hapa” kando yake. Pale isipokupa, acha nafasi tulivu juu na maelekezo yawe “Tazama ukingo wa juu wa simu”. Kamera iliyofichwa hutoa picha yenye ukungu kidogo kwa sababu mwanga unapinda ukipita kati ya pikseli. Basi usimkatae mtu kwa jaribio moja, na mpe njia nyingine, kama kusaidiwa na mwenzake apigwe kwa kamera ya nyuma. Mwambie kwanza afute kioo, maana jasho na mafuta ya nazi ya kidole vinazidisha ukungu. Mwambie ageukie mwanga. Watu wengi huku hujipiga wakiwa wameupa mgongo mlango ulio wazi, jua la Mombasa likiwa nyuma yao, na uso wa mtu mweusi unageuka kivuli. Sentensi moja, “Elekea mlangoni”, itafaa kuliko msimbo mwingi.

Jambo jingine linalotuhusu watu wa pwani kuliko wengine: Kiarabu. Apu za saa za sala, za Kurani na za madrasa mara nyingi zina ukurasa unaosomwa kutoka kulia. Ukigeuza lugha, mfumo unageuza mpangilio: mshale wa kurudi unahama kwenda kulia, menyu inakwenda kushoto. Kamera haihami. Tundu lililokuwa halisumbui kitu kwa Kiswahili linaweza kukaa juu ya kitufe kwa Kiarabu. Kwa kawaida ni vizuri kupanga kwa mwanzo na mwisho wa mstari badala ya kulia na kushoto, lakini nafasi ya kamera ni ya kulia na kushoto halisi. Ukizichanganya, utaacha nafasi upande usio na tundu. Jaribu kila ukurasa kwa lugha zote mbili, ukiwa umeilaza simu na ukiwa umeisimamisha.

Na huhitaji kununua simu kumi ili kujaribu. Nenda kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, gusa namba ya muundo mara 7, menyu ya wasanidi itafunguka. Humo, kwenye simu nyingi za Android, kuna sehemu ya kuigiza kioo chenye pengo: la pembeni, la pande mbili, refu, la tundu. Chagua moja baada ya jingine, fungua apu yako, ilaze, igeuze upande wa pili, ongeza herufi hadi mwisho. Halafu chukua simu hiyo uende kwa fundi wa simu umwombe dakika tano. Mafundi wanaona mambo ambayo simu ya kuigiza kwenye kompyuta haikuonyeshi. Mteja ambaye hakupata kioo cha kinga cha simu yake amebandikiwa cha simu inayofanana nayo, na ukingo mweusi wa kinga hiyo umeingia ndani, umefunika kipande cha picha ambacho mfumo unadhani kiko wazi. Dhidi ya hilo hakuna msimbo utakaokusaidia. Kinachosaidia ni kutobana vitu ukingoni: acha dp 16 za ziada baada ya eneo salama kuisha.

Ukishaitoa apu, weka kwenye ripoti za matatizo vitu vinne tu: aina ya simu, toleo la Android, simu ililala au ilisimama, na vipimo vya pande nne ulivyopewa. Havina siri ya mtu ndani yake. Siku mteja akikuandikia kwamba kitufe hakishikiki, utafungua ripoti na kuona mara moja kama simu ilitaja kamera na wewe hukuisikiliza, au ilikupa sifuri pande zote. Ikiwa ni la kwanza, rekebisha msimbo wako. Ikiwa ni la pili, mwombe mteja akupigie picha ya kioo kwa simu ya jirani yake, kwa sababu picha ya skrini iliyopigwa na simu yenyewe haitaonyesha tundu wala wavu.